Chukudu Iliyopanda Kinyumenyume

Jumatatu, 4 Agosti

Butembo. Baridi asubuhi, vumbi mchana. Leo nimeamua: nitakuwa maarufu. Sababu ni Issaka wa Beni.

Phinées ni rafiki yangu na mpiga picha wangu. Simu ni yake, cheo nimempa mimi. Amenionyesha vidéo mpya ya huyo kijana wa mtaa wa Bungulu kule Beni. Anakimbia, anaruka kutoka kwenye baraza, anagusa ukuta kwa mguu mmoja, anajipinda, tayari yuko juu ya paa. Wanaita parkour. Ni fupi kama chafya. Na Butembo nzima inaisambaza! Watu wa Butembo wanamsifu mtu wa Beni! Tumefika wapi?

Phinées anasema Issaka alirudia mruko huo miezi mizima kabla ya kuupiga picha. Kwanza chini, kwenye mistari ya chaki. Halafu kwenye matofali mawili. Halafu kwenye ukuta mfupi. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Miezi mizima kwa chafya moja! Mwenye kipaji hahitaji hayo. Mimi ni mwepesi tangu utotoni. Mama mwenyewe husema sifai kubeba kitu chochote.

Nimejichagulia jina la kazi: Stani Sans-Os. Yaani Stani asiye na mifupa.

Alasiri Mama Berthe ameniuliza ninakwenda wapi na viatu vya mpira. Nikasema répétition, yaani mazoezi. Akaacha kuchambua maharage yake. Macho yakajaa maji. Akasema: "Mutoto yangu amerudia mu chorale! Mungu anasikiaka, kweli."

Nilikuwa nimesahau. Mjini kwetu ukisema répétition, kila mtu anasikia kwaya. Lakini sikusema kwaya, alisema yeye. Mimi nilinyamaza tu. Kunyamaza si kudanganya.

Jumanne, 5 Agosti

Répétition yangu ya kwanza na ya mwisho.

Mahali: nyuma ya dépôt, ghala la mbao zinazotoka Kasugho, pale barabara inapoanza kushuka. Ukuta wa matofali, mrefu kunizidi, lakini nimeona mirefu zaidi. Jaribio la kwanza: goti. La pili: goti lingine. La tatu: suruali, nyuma, siandiki zaidi. Wapasua mbao waliacha kazi ili waone vizuri. Mmoja aliuliza kama ukuta umenitukana.

Hapo Phinées akakumbuka kwamba simu yake inaweza kugeuza vidéo, mwisho ukawa mwanzo. Wazo langu likazaliwa papo hapo (Phinées anasema ni lake). Kwa nini kuruka kwenda juu wakati kushuka ni rahisi? Nitapanda kwa ngazi ya wapasua mbao, nitaruka chini kinyumenyume, simu itafanya kazi iliyobaki.

Nikapanda. Juu kule mji wote unaonekana, vilima, mabati, moshi wa majiko. Nikatazama chini. Nikakumbuka mambo mengi ya kufanya nyumbani. Phinées akasema anapiga picha tayari. Nikasema ngoja. Ngoja. Ngoja kidogo. Halafu tofali likasogea.

Humu ndani nisijidanganye. Sikuruka. Nilianguka. Matako yalitangulia, mikono juu, na sauti niliyotoa ilikuwa ya mbuzi. Nikazama mpaka shingoni katika lundo la unga wa mbao.

Lakini ukiigeuza! Unga unatulia wenyewe, kijana anachomoka humo, anapaa mikono juu bila haraka, anatua juu ya ukuta kwa heshima zote. Tumeondoa mbuzi, tumeweka muziki. Tumeitazama mpaka chaji ikaisha.

Nyumbani nimekohoa unga wa mbao mpaka machozi. Mama amesema ndiyo shida ya kuimba kwa nguvu baada ya kukaa muda mrefu. Amenipikia chai ya tangawizi. Nimekunywa.

Alhamisi, 7 Agosti

Buzz! Vidéo imetoka jana na tangu asubuhi simu ya Phinées haipumui.

Na kubwa zaidi: Mama Hadjara amepiga. Ndiye mwenye duka kubwa la magodoro kule Beni, na Jumatano anafungua lingine hapa Butembo. Hataki spika na matangazo ya kelele kama wengine. Anataka parkour. Amemwalika Issaka. Ameona vidéo yangu, ananialika na mimi. Kila mmoja ataruka juu ya ukuta wa duka mbele ya watu, papo hapo. Watakayempenda zaidi atachorwa kwenye ukuta wa mbele, kwa rangi ya mafuta, mkubwa kama mlango wa kanisa.

Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Mimi kwenye ukuta! Kila anayeshuka sokoni ataniona. Nina umri wa kuoa, na bado mji huu unanijua kama mtoto wa Mama Berthe wa maharage. Nataka siku moja watu waseme Mama Berthe ni mama ya yule wa ukutani. Nataka asikie wakisema hivyo. Nimeandika haya na yameniuma kidogo, basi tuyaache.

Nilipokata simu ndipo neno lile likanirudia. Papo hapo. Papo hapo hakuna kugeuza.

Jioni. Nimesoma maoni ya watu. Yote. Hakuna anayezungumza juu yangu!

Ni hivi. Pembeni ya picha, nyuma ya ukuta, kilima kinaonekana. Na saa ileile nilipoanguka, Sikuli, mwenye chukudu wa mtaa wetu, alikuwa anateremka na magunia ya viazi. Kila mtoto wa Butembo anajua chukudu: mbao, magurudumu mawili, usukani, basi. Kushuka, unakaa juu yake. Kupanda, unaisukuma mpaka ulimi utoke. Sasa katika vidéo yangu chukudu inapanda. Imejaa magunia. Inapanda kinyumenyume, hakuna anayesukuma. Sikuli amekaa juu kama chifu, anatoa muwa mdomoni, na muwa unazidi kuwa mrefu.

Wanaandika: "Moteri iko wapi?" Wanaandika: "Sikuli alienda kwa muganga gani, tuende na siye?" Mmoja ameandika: "Huyu mwenye kuruka atoke, anatufichia chukudu."

Issaka naye ameandika. Maneno machache tu: "Grand Stani, chukudu iko muzuri sana." Ameelewa kila kitu na hasemi. Mnafiki mkubwa!

Jumamosi, 9 Agosti

Sikuli amekuja nyumbani. Hakuja kusalimu.

Zamani akifika chini ya kilima, watu walimsaidia kusukuma. Vijana wa kituo cha pikipiki, wanafunzi, hata askari mmoja. Sasa wanasimama kando ya barabara na simu mkononi. Wanangoja chukudu ipande yenyewe. Akiomba msaada wanamwambia awashe moteri. Jana alisukuma peke yake, mzigo mzima, watu wanampiga picha na kulalamika kwamba leo hataki kuonyesha.

Akasema kwa sauti ya chini inayotisha kwamba mabega yake yamechoka na anahitaji mengine. Akayatazama yangu.

Nimesukuma mpaka juu. Viazi! Nani alisema viazi ni chakula chepesi? Nusu ya njia nilimwona babu yangu marehemu. Watu walitupiga picha tena, na wote wakasema hii siyo ile chukudu.

Mama aliniuliza kwa nini ninatetemeka. Nikasema Maestro anatufanyisha mazoezi ya pumzi. Hapo, sawa, hapo nilidanganya kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Balaa.

Baada ya misa Mama alimshika mkono Maestro Jean-de-Dieu, kiongozi wa kwaya, akamshukuru kwa kumpokea tena mtoto wake. "Wasingya, Maestro, wasingya kabisa." Mimi nilitafuta mlango. Maestro hajaniona kwenye répétition tangu nilipoanza kuota ndevu. Alishangaa kidogo. Halafu akanitazama koo, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Tenor wake wa pekee amehamia Kampala. Akasema vizuri sana, basi Ijumaa, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Stani ataimba peke yake ubeti wa kwanza. Wimbo nitaufahamu kwenye répétition, kama wengine.

Mama alishika nguzo. Halafu akawaita mama wote wa shirika lake, akanitambulisha kwao mmoja mmoja. Watu wanaonijua tangu kuzaliwa! "Huyu ndiye ataimba Ijumaa." Alikuwa amevaa kile kitenge anachokitoa mara moja kwa mwaka.

Nilifungua kinywa ili niseme ukweli. Nikasema asante.

Kwa hiyo Jumatano ukuta, Ijumaa wimbo, na sijui hata kimoja. Mtu mwingine angeogopa.

Jumanne, 12 Agosti

Issaka amefika tangu jana. Amekuja na lori la mjomba wake Bilali, wamelala njiani wakingoja msafara wa magari unaosindikizwa na askari, na bado anatabasamu. Mwembamba, mpole, ana adabu. Ananiita Grand, yaani kaka mkubwa, kila neno la tatu. Amemletea Mama ndizi. Mama anauliza kama naye ni wa kwaya.

Mchana nimejificha nyuma ya magodoro ya Mama Hadjara ili nimpeleleze mpinzani. Ninaandika nilichoona. Amefagia. Nyota wa Beni, na ufagio! Amegusa ukuta tofali kwa tofali kwa kiganja, amekuta moja linacheza, ameomba fundi alitengeneze. Ametembea kwa nyayo kutoka ukutani, amechora mstari wa chaki. Amekimbia mpaka kwenye mstari, amesimama. Amekimbia tena, amesimama tena. Hajaruka! Halafu akaanza kuanguka. Bega, mgongo, anasimama. Bega, mgongo, anasimama. Mchana kutwa. Mtu anayejifunza kuanguka amepanga kuanguka, mimi ndivyo ninavyoona.

Aliniona. Akaniita tufanye pamoja. Akasema: "Grand, kupanda, kila mutu anaweza jaribu. Kushuka ndiyo kazi. Kuya tuanguke pamoja." Nikamwambia mbinu zangu ni siri ya kazi. Akainamisha kichwa. Akasema yeye huogopa kila mara, na mwaka wa kwanza alivunjika mfupa wa bega kwa sababu alipiga picha kabla ya kujua. Akashusha kola ya shati, akanionyesha. Kovu baya.

Nimeitambua mbinu yake: kunitisha. Haitafanya kazi. Nimelitazama lile kovu muda mrefu kwa sababu nilikuwa ninafikiri mambo mengine.

Mpango wangu uko tayari. Watoto wakipanda juu ya godoro, wanafanya nini? Wanarukaruka. Godoro linarusha! Kwa hiyo kesho mapema nitaweka kipande kinene cha mousse, sponji ya godoro, chini ya ukuta na kufunika kwa turubai la rangi ya udongo. Nitakanyaga, mousse itanirusha, nitafika juu. Watu wataona kipaji.

Phinées ameuliza kama nimeijaribu. Nimemwambia ukijaribu unaharibu bahati.

Jumatano, 13 Agosti

Ninaandika nikiwa nimelala. Sababu itaonekana.

Asubuhi mvua ilinyesha kidogo, ikaacha. Watu walijaa mpaka barabarani, pikipiki zikakosa njia. Mchoraji alikuwa tayari na ngazi na makopo yake ya rangi. Nilimwomba anitengeneze pua vizuri.

Issaka alitangulia. Akaenda ukutani, akaweka kiganja. Akakisugua kwenye suruali, akaweka tena. Akarudi kwa Mama Hadjara, akasema: "Maman, leo hapana. Ukuta iko na maji."

Basi! Watu walipiga miluzi, wakasema Beni inaogopa maji. Nilingoja aone haya. Hakuona. Akaenda kwenye uwanja mkavu wa mbele, akawaonyesha watoto jinsi ya kuviringika kwa bega. Alikuwa amerudia miezi na miezi, halafu siku yenyewe anasema hapana! Moyo wangu ulikuwa unaimba. Ukuta ulikuwa wangu peke yangu.

Nikavua koti. Nikapungia watu. Nikakimbia. Nikakanyaga mousse.

Niseme jambo moja juu ya mousse. Godoro bovu ndilo linarusha. Godoro zuri linameza. Mama Hadjara anauza mazuri tu. Mguu wangu ulizama, ukabaki humo. Mwili uliendelea na safari. Kifua kikafika ukutani, halafu shavu. Nikateleza polepole kwenye yale maji ambayo mtu mmoja alikuwa ameyataja, mpaka chini, nikajikunja juu ya mousse. Kitu kililia kwenye kifundo cha mguu. Halafu mimi pia nililia.

Mama Hadjara aliangalia chini ya turubai, akaona kipande cha dukani kwake. Huyu ni mfanyabiashara kabisa. Akawageukia watu: "Muone matela yangu! Ameanguka juu yake, sasa hataki hata kuamuka!" Watu walicheka. Halafu wakaingia dukani, wakaanza kubonyeza magodoro.

Wa kwanza kunifikia alikuwa Issaka. Alinizuia nisisimame, akavua shati, akaufunga mguu na vipande viwili vya mbao. Hakusema nilikuambia. Ningependa angesema, ningepata la kujibu.

Pikipiki hazikupita. Wakanipakia kwenye chukudu ya Sikuli, na zahanati iko juu ya kilima. Sikuli alisukuma, Issaka alisukuma, Phinées alisukuma huku anapiga picha. Kwa hiyo leo, mbele ya watu wote, chukudu ya Sikuli imepanda kilima na mtu amekaa juu. Nilisikia mtu anasema: "Sasa nimeamini."

Wamenipiga radio, ile picha ya ndani ya mwili. Kumbe mifupa ninayo. Mmoja umepasuka.

Mama alikuja anakimbia. Sijawahi kumwona anakimbia. Mkononi alikuwa bado ameshika kopo la kupimia maharage. Walimwambia nimeanguka kwenye répétition, na njia yote alijiuliza kwaya inapanda wapi mpaka mtu avunjike. Phinées ndiye aliyemweleza. Yote. Ukuta, unga wa mbao, vidéo. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alifungua kitambaa cha kichwa, akakilowesha, akanifuta matope usoni kama zamani nilipokuwa mdogo. Aliuliza swali moja tu: "Na wimbo ya Ijumaa, ilikuwa vilevile bongo?" Bongo kwetu ni uongo.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Mguu haukuwa kitu. Nikamwambia hapana, Mama, wimbo ni kweli, nitaimba. Nakuapia. Akatikisa kichwa, akalikunja koti langu na kuniwekea chini ya mguu.

Alhamisi, 14 Agosti

Niko nyumbani, mguu ndani ya plasta. Asubuhi hii naona mambo kwa uwazi mpya.

Kwanza: nimeshinda! Mama Hadjara amekuja mwenyewe. Ameuza mpaka magodoro ya kuonyesha, na Sikuli ndiye atakayekuwa anawabebea wateja. Mchoraji ameanza kazi, na anayechorwa ni mimi. Nimelala juu ya godoro, macho nimeyafumba, mguu wa plasta juu, ninatabasamu. Chini wataandika: Lala kama Stani. Phinées anasema hayo ni matusi. Phinées haelewi sanaa. Issaka hakuchorwa popote.

Issaka alipita kuaga kabla ya lori kuondoka. Aliacha kipande cha chaki mezani. Alisema siku plasta itakapotoka nimpigie, tuanze na mistari ya chini, polepole. Nimempa Mama ile chaki, imemfaa sana kwa kuandikia bei ya maharage.

Pili: wimbo. Niliapa na nitaimba. Maestro ametuma mtu: leo alasiri ni répétition ya mwisho, nije hata kwa kubebwa, maana hajawahi kusikia sauti yangu. Mama amenipigia pasi shati jeupe. Sikuli yuko mlangoni na chukudu. Nimewajibu kwamba mgonjwa anatakiwa kupumzika, watanisikia kesho.

Na watanisikia! Phinées ana wimbo wote ndani ya simu. Juzi alipita nyuma ya kanisa, akamrekodi Maestro mwenyewe akiwafundisha wengine. Sauti tamu mno. Simu inaingia vizuri ndani ya plasta, nimeshajaribu. Mnaona ninajaribu siku hizi. Mimi nitafungua kinywa tu. Phinées anauliza kama watu hawatashangaa sauti ikitoka mguuni. Nimemwambia watu wakisali hufunga macho.

Kuna kasoro ndogo. Katikati ya ubeti, Maestro anawasimamisha soprano na kuwaambia wanalia kama mbuzi. Lakini iko mbali kidogo, nyuma nyuma. Nani anaangalia mambo ya nyuma?